Mgomo wa Mzee Sefania

Jambo la kwanza lilikuwa maharage. Jenoveva aliyaacha motoni akatoka kidogo kuongea na jirani yake Mwanamisi kwenye ua, na maongezi ya Mwanamisi ukiyaingia asubuhi unatoka jua limehama. Aliporudi, moshi ulikuwa umejaa nyumba nzima, na mumewe Mzee Sefania amekaa hatua tatu kutoka mafigani, anachonga mpini wa jembe, ametulia kama mtu aliye kanisani.

"Baba Klara, husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Jenoveva alidhani anasitiriwa. Na yale maharage Sefania aliyala, sahani nzima, bila kukunja uso. Kesho yake mama wa watu akaenda kujisifu kwa Mwanamisi kwamba mume anaye.

"Mume unaye," Mwanamisi akamwambia, "pua ndiyo hana."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hawakujua kwamba ugonjwa ulikuwa unabisha hodi, na kwamba ulikuwa umeanzia puani.

Baadaye ukaja mkono. Mkono wa kulia wa Sefania ulianza kucheza wenyewe, kidole gumba na cha shahada vikisuguana kana kwamba anasokota tumbaku, na tumbaku hata havuti. Akishika jembe, mkono unatulia. Akiliweka chini, unaanza tena. Jenoveva akautazama wiki nzima, kisha akamtegea. Ndivyo walivyokuwa hao wawili tangu walipooana, hata kugombana waligombana kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nina kibarua, nikimpa kazi analala, nikimpa mapumziko anafanya kazi."

Sefania akautazama mkono wake. Akaukalia.

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Vuga, pamoja na mazumbe, watawala wake wote."

"Vuga nimekwenda, nimekula, nimeshiba, mazumbe wamenisindikiza mpaka mlangoni. Na jibu ni huo mkono uliouficha chini ya makalio, ambao Jumatatu unakwenda zahanati."

Jumatatu haukwenda. Ulikwenda baada ya miezi minne, wakati uso nao ulipoanza kukauka. Sefania alikuwa mcheshi, mtu wa kucheka kwa macho, lakini sasa uso ulikaa kama wa mtu anayepigwa picha akaambiwa asitikisike. Sauti ikashuka. Ukimwita, anageuka mzima mzima, kama kabati. Jenoveva akamfunga koti, akamshika kiwiko, wakashuka zahanati ya misheni siku daktari wa mjini anapopita.

Daktari yule alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia Sefania agonganishe vidole, aandike jina lake, atembee mpaka dirishani na kurudi. Kisha akaandika kikaratasi, akaingia chumba cha pili kwenye foleni ya watoto wenye kikohozi. Aliyebaki kueleza ni Bwana Abrahamu, mganga wa zahanati, mtu mwenye subira, anayeeleza kitu mara tatu bila kukuangalia kama mjinga.

"Mama, huu unaitwa ugonjwa wa Pakinsoni. Ni jina la daktari Mwingereza aliyeuandika zamani."

"Kama ni wa kwake, mbona hakubaki nao?"

Abrahamu akacheka, akaendelea. "Ndani ya ubongo kuna mahali panapotengeneza kitu cha kulainisha mwendo, kama mafuta kwenye cherehani. Kwa mzee mafuta yamepungua. Sindano inashuka, lakini inashuka kwa kukwama. Si wazimu, si uchawi, na hauambukizi. Akili yake iko palepale."

"Hiyo akili palepale ndiyo iliyoacha maharage yaungue?"

"Hata kunusa hupotea, mama. Mara nyingi hutangulia."

Yale maharage yalimrudia Jenoveva mdomoni. "Atapona?"

"Haponi. Lakini si wa kumwua kesho wala keshokutwa. Ni wa kuishi nao."

"Kama mume," akasema Jenoveva, akamtazama wake. Uso wa Sefania haukucheka, ila mabega yalitikisika, na Jenoveva akajifunza siku ile kwamba kuanzia sasa kicheko cha mumewe atakitafuta mabegani.

Walirudi na vidonge vyeupe vidogo. Vilipunguza kutetemeka, lakini vilikausha mdomo, na Sefania aliyependa ubishi ikawa katikati ya ubishi inabidi asimame anywe maji. Mwanamisi akasema serikali ingegawa dawa hiyo kwa wanaume wote wa mlimani.

Mpaka hapo lilikuwa jambo la nyumbani. Walilijua watu watatu na Mwanamisi wa nne, naye alilishika, jambo ambalo lenyewe ni muujiza. Kijiji kiliingia pale miguu ilipoanza.

Mwaka mmoja kabla, mlima wao ulio juu ya Rangwi ulikuwa umehesabiwa kuwa kijiji cha ujamaa. Likapatikana shamba la pamoja chini bondeni, tambarare nzuri ya udongo mweusi kando ya kijito, na kila Jumatano kila kaya ishuke na majembe yake. Mwenyekiti alikuwa Tobia, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na daftari la mahudhurio asilolala mbali nalo. Kwenye mlango wa duka la ushirika alitundika ubao mweusi. Asiyefanya kazi ya kijiji bila sababu, jina la kaya yake linaandikwa pale kwa chaki, chini ya neno WAVIVU, na linakaa mwezi mzima. Watu walicheka wanapousoma, lakini hakuna aliyetaka kusomwa.

Njia ya kwenda bondeni ilikuwa ya ngazi zilizochimbwa ardhini na kuzuiwa kwa magogo. Sefania alizishuka vizuri, moja moja, jembe begani. Tatizo lilikuwa chini. Ngazi zikiisha panakuja tambarare, na kwenye tambarare kuna mwanya wa kuingilia katika uzio wa matete. Akifika pale, miguu inagoma. Si kwamba inauma, wala si kwamba imelegea. Imeganda tu, kana kwamba nyayo zimepigiliwa misumari. Mwili unataka kwenda, miguu haina habari. Akabaki amesimama, jembe begani, uso hausemi kitu, wenzake wanampita kulia na kushoto. Mtu akimwuliza kitu, jibu linachelewa, na likija linakuja kwa sauti ya chini kama la mtu mwenye siri.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Watu wa pale walikumbuka matuta.

Enzi za Mwingereza iliamriwa kila mwenye shamba kwenye mteremko achimbe matuta, eti udongo usiteremke. Kazi ile iliwavunja wanawake migongo, na udongo mbaya ukaja juu, mzuri ukafukiwa. Sefania, wakati huo ana nguvu zake na masharubu, alisimama mpakani mwa shamba lake, jembe begani, uso mkavu, akamwambia karani wa kilimo: "Sikanyagi tuta la serikali." Akafungwa siku saba. Alitoka amekonda na amekuwa mtu mkubwa. Mpaka leo walikuwepo waliomwita Mzee Sikanyagi, na yeye alikuwa akigeuza kichwa taratibu ili waite tena.

Kwa hiyo Jumatano ya kwanza walisema mzee amechoka. Ya pili wakasema, ngoja kwanza. Hamisi, mkulima wa kabichi aliyekuwa anaona kila Jumatano ameibiwa siku nzima, ndiye aliyelitamka.

"Mzee amegoma tena! Hamuoni anavyosimama? Ni vilevile!"

Siku ya Ijumaa Tobia akapanda nyumbani kwa Sefania na daftari lake.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu," Jenoveva akamsogezea kigoda.

"Sikai sana. Baba, nimekuja tuelewane. Jumapili nimekuona kwa macho yangu unapanda ngazi za kanisa kama mbuzi."

"Ngazi hazina taabu," akasema Sefania.

"Na shamba la kijiji?"

"Lile ni tambarare."

Tobia akamtazama. "Kwa hiyo tatizo ni tambarare?"

"Tatizo ni tambarare."

Tobia akatoa kalamu, akaandika, na Jenoveva aliyesoma mpaka darasa la nne akachungulia juu ya bega lake akaona: *Anapinga tambarare.* Ilibidi ageuke ukutani ajifanye anakohoa.

"Baba, nakuheshimu," Tobia akasema huku anasimama. "Lakini Jumatano anakuja mgeni kutoka wilayani kuona kazi. Usipoingia shambani kwa miguu yako, jina la kaya yako nitalisoma mbele yake, na jioni liko ubaoni. Nisipofanya hivyo kwako, nitamwandika nani tena?"

Hapo kikohozi cha Jenoveva kikaisha. Kaya ya Sefania maana yake ni yeye. Hakuwa amekosa Jumatano hata moja, hata ile aliyoumwa jino. Akafungua mdomo aseme ugonjwa. Sefania akamtazama, na macho, ambayo hayakuwa yameganda, yakamwomba.

Tobia alipoondoka, Jenoveva alimgeukia mumewe kama mvua ya mawe.

"Sema, nisikie. Kwa nini nisimwambie mtoto wa watu?"

"Mama Klara." Akanywa maji. "Wakisikia mimi ni mgonjwa, wataniletea uji. Watanisemesha polepole, kama mtoto. Wakidhani nimegoma, wananiheshimu."

"Ubaoni wameandika waheshimiwa?"

"Walionifunga siku saba waliandika vibaya zaidi."

"Wakati ule ulikuwa umegoma kweli, baba! Sasa unagomewa."

Sefania akaweka kikombe chini. Mkono ulikuwa unasokota tumbaku yake isiyoonekana. Halafu kwa sauti ndogo akamtaka ahadi kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake, na Jenoveva, kwa sababu kwa miaka thelathini na minane alikuwa ameombwa vitu vichache sana, akaahidi. Akajuta kabla hajamaliza kuahidi.

Kesho yake mbuzi wa Mwanamisi aliingia kwenye viazi.

Nyuma ya nyumba Jenoveva alikuwa na shamba lake la viazi vitamu, matuta marefu aliyoyachimba kwa mikono yake, yamejipanga kama mbavu. Sefania alikuwa amekwama uani, anasubiri miguu imrudie, alipomwona mbuzi anang'oa majani. Akapiga kelele, akajikokota kwa shida mpaka ukingoni mwa shamba, akaingia. Jenoveva akatoka mekoni kwa kelele zile, akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Mzee alikuwa anatembea. Si kutembea, alikuwa anakwenda! Anainua mguu juu ya tuta, anauweka upande wa pili, anainua mwingine, hop, hop, kama kijana anayewahi ngoma. Akavuka matuta kumi na mbili, akamfikia mbuzi, akampiga kibao cha paja. Matuta yakaisha. Akaganda.

Jenoveva akakaa chini kabisa, mwiko na yeye, akacheka mpaka machozi yakamdondokea kwenye kanga.

"Unacheka nini na mimi nimenasa huku?"

"Mzee Sikanyagi!" Sauti haikutoka vizuri. "Siku saba jela! Masharubu yote yale! Na sasa bila tuta huendi popote!"

Sefania akayatazama matuta nyuma yake. Akamtazama mbuzi, kana kwamba mbuzi anajua kitu. Mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda mrefu hapakuwa na mwingine aliyesema neno pale, isipokuwa mbuzi.

Mchana ule wakajaribu. Jenoveva alipanga kuni uani, moja hapa, nyingine pale, hatua kwa hatua. Sefania akazivuka zote. Jenoveva akaziondoa, mzee akaganda. Akazirudisha, mzee akatembea. Ngazi, matuta, kuni, chochote kilicholala mbele ya mguu, mguu ulikielewa. Jenoveva alipomsimulia Bwana Abrahamu baada ya misa, mganga akatikisa kichwa kwa furaha. Akasema ni kama njia kuu ya ubongo imezibwa na mguu unapitia kichochoro, macho ndiyo yanayouonyesha pa kupita, na kwamba mama amepata mwenyewe dawa ambayo yeye hakuwa nayo kabatini.

"Basi Jumatano nakuja na kuni," Jenoveva akamwambia mumewe.

"Huji na kuni."

"Baba Klara."

"Nitaingia kama mtu, au sitaingia."

Jumatano wakashuka. Ukungu ulikuwa umeinuka mapema, na bonde zima lilionekana, watu kama arobaini wako tayari, na pembeni mgeni wa wilayani, mwanamume mnene wa kiasi mwenye suti ya mikono mifupi na viatu visivyopenda matope. Sefania akashuka ngazi vizuri, gogo kwa gogo. Akafika chini. Akaukabili mwanya wa uzio. Jenoveva, hatua mbili nyuma, aliuona mgongo wake unajikaza, unaamrisha, unasihi.

Miguu ikakataa.

Watu wakaacha kulima. Tobia akafungua daftari. Hapo ndipo Hamisi alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikuwa tayari ndani ya shamba, akatoka, akalibwaga jembe lake, akaja kusimama kando ya Sefania, amevimbisha kifua.

"Kama mzee haingii, na mimi siingii!"

Wakatoka wengine wanne. Wakajipanga kushoto na kulia kwa Sefania, nyuso kavu, wakimwiga hata anavyoinamia mbele kidogo. Mgeni akamwuliza Tobia kwa sauti iliyosikika na wote, "Mwenyekiti, huu ni mgomo?"

Kalamu ya Tobia ilishuka kwenye karatasi, na safari hii haikuwa habari ya chaki na ubao tu. Jenoveva alijua ni jina gani litakalotangulia kwenye orodha ile itakayopanda gari kwenda Lushoto. Alimtazama mumewe kwa upande. Alikuwa amepata heshima yote aliyoitaka, wanaume watano wamemzunguka kama mashujaa, na macho yake yalikuwa ya mtu anayezama.

Jenoveva alikuwa ameahidi kutosema. Lakini kutega hakuahidi.

"Kitendawili!" akapaza sauti.

Kuna vitu mdomo haungoji ruhusa. Bonde zima likaitika, "Tega!" Mgeni wa wilayani naye aliitika, kisha akajishika kidevu kwa aibu.

"Nina mgomaji asiyegoma. Moyo umeshaingia shambani, miguu imebaki mlangoni."

Watu wakaguna. "Mtoto mchanga!" akasema mmoja. "Ng'ombe mwenye mimba!" akasema mwingine, na hakuna aliyeelewa alivyofika huko. "Tumeshindwa, mama, chukua Kwai, na maziwa yake!"

"Mji sitaki. Mwenye jibu yupo, nalo ni lake. Akipenda alitoe, asipopenda akae nalo."

Kijito kilisikika. Jenoveva hakumtazama mumewe, alitazama kisigino chake mwenyewe. Mwisho akasikia Sefania anaulamba mdomo wake mkavu.

"Ni mimi."

"Wewe nini, mzee?" akauliza Hamisi.

"Mgonjwa. Ni wa ubongo. Ubongo hauiambii miguu." Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi watu wasogee. "Wiki ya tatu hii nataka kuingia. Naiambia miguu, haisikii."

Hamisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Kifua kikashuka. "Kwa hiyo... hatujagoma?"

"Wewe sijui. Mimi sijagoma."

Alianza Mwanamisi, kicheko chake kile cha kuvunja vyungu, kikafuata bonde lote. Walimcheka Hamisi, na Hamisi, baada ya kufikiri kidogo, akajicheka. Jenoveva akaitumia nafasi hiyo. Alilaza jembe lake chini, mpini umekata njia, mbele kabisa ya vidole vya mumewe.

"Mama Klara, nilikwambia..."

"Uliniambia nisilete kuni. Hili ni jembe. Vuka."

Akavuka. Mwanamisi akalaza lake hatua moja mbele, akavuka na hilo. Halima binti yake akalaza la tatu, na hapo hapakuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote. Majembe yalipangwa kupitia mwanya wa uzio mpaka kwenye tuta la kwanza la maharage, na Mzee Sefania akaingia shamba la ujamaa kwa miguu yake, akiinua magoti juu kama jogoo anayepita kwenye majivu ya moto.

Tobia alimfuata na daftari. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza kitu na hajui ni nini. "Baba, nisamehe. Nikuandike nini? Safu ninazo mbili tu, yupo na hayupo. Nikuandike mgonjwa, uwe unapumzika nyumbani?"

Sefania alikuwa ameshika jembe lake, na mkono umetulia tuli.

"Andika nipo," akasema. "Huo ugonjwa uuandike pembeni, herufi ndogo."

Alilima mpaka saa nne, polepole, kisha akakaa kuchambua mbegu pamoja na wanawake wazee, ambao walimchokoza vibaya sana. Uji ulikuja, ndiyo, na aliunywa. Alipomaliza akasema umekosa chumvi.

Jioni Jenoveva alichelewa kwa sababu ya Mwanamisi, unamjua. Alipofika kwenye kidaraja cha mbao alimkuta mumewe ameganda mbele yake, na Hamisi amesimama kando, anakuna kichwa. Majembe yote yalikuwa yameshapandishwa mlimani. Hamisi akafikiri, akavua kiatu, akaunyoosha mguu wake mtupu mbele ya mguu wa mzee.

"Vuka hapa, baba."

"Mguu gani huo," akasema Sefania, "unanuka mpaka mimi nasikia."

"Utavuka, huvuki?"

Akavuka. Hamisi akarukia mbele, akaunyoosha tena, akiyumba kwa mguu mmoja juu ya ubao, anatukana kwa adabu, na Jenoveva aliyekuja nyuma yao akapunguza mwendo. Alikuwa anaangalia mabega ya mumewe.